Vichwa vya Magogo ya Baba

Tulirudi kutoka Kaengesa Jumamosi jioni, mimi na mama. Tulikuwa tumekwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Kabla hatujafika getini nikasikia harufu ya mninga uliokatwa sasa hivi. Ni harufu nzuri, nimekua nayo, lakini siku ile iliniingia vibaya, kwa sababu baba alikuwa Mpui na hakuna mtu aliyeambiwa akate kitu.

Uani unga wa mbao ulikuwa kila mahali, hadi kwenye kamba ya nguo. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa amekaa juu ya gogo anakunywa chai, msumeno wake wa mashine umelala miguuni. Alipotuona akasimama, akanyoosha mkono kuonyesha magogo kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

"Tazameni," alisema. "Ba shemeji akirudi atadhani ameleta mengine."

Hiyo "ba" ni ya kwao. Anaiweka mbele ya jina la kila mtu anayemheshimu, na baba yangu ni mmoja wao.

Kweli magogo yalikuwa yamependeza. Asubuhi tulivyoyaacha, vichwa vyake vilikuwa vya kijivu, vimejaa nyufa kwa huu upepo wetu wa Juni unaokausha hata midomo. Sasa kila kichwa kilikuwa laini na chekundu kama nyama ya buchani. Mama hakusifia. Alizunguka gogo la kwanza, akainama, akaenda la pili, akainama. Alifanya hivyo hadi la mwisho.

"Kaka, vile vipande ulivyokata viko wapi?"

"Nimegawa. Majirani walisikia msumeno wakaja, nikawapa kuni. Si unawajua watu wa hapa kwa kuni."

"Vyote?"

"Vyote. Kuna tatizo?"

Mama alikaa chini pale pale kwenye unga wa mbao, na gauni lake la kanisani.

Tatizo ni hili. Kwetu huku, mninga ukikatwa kwa kibali, bwana misitu anakuja na nyundo. Ni nyundo ndogo ya chuma yenye herufi usoni. Anagonga kichwa cha gogo, herufi zinazama kwenye mti, na kisiki nacho anakigonga. Tangu hapo gogo linajulikana kwa ile alama, maneno ya mwenye gogo hayana kazi. Gogo lisilo na alama linahesabika limeibwa msituni, hata kama umelilipia kila kitu. Mnunuzi wa Mbeya alikuwa aje na lori Jumanne, na kabla ya kupakia, bwana misitu lazima apite aone alama ndipo aandike kibali cha kusafirisha. Akikuta vichwa vitupu anachukua magogo yote, leseni ya baba inakwenda, na baba mwenyewe anaweza kusimama mahakamani. Baba hana kazi nyingine, na umri wa kuanza nyingine umeshapita.

Mjomba hakujua. Ndiyo maana hata nikijitahidi kumkasirikia, hasira haifiki mwisho. Yeye ni wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, ambako mama pia alizaliwa. Kule biashara ya magogo walijifunza kwa njia nyingine kabisa.

Nilipokuwa shule ya msingi tulikwenda kwake likizo. Ndio wakati ule mti wanaouita mukula, sisi huku tunauita mkurungu, ulipopata wanunuzi ghafla. Walikuja wageni kutoka mbali na magari makubwa, wana mkalimani, hawaulizi karatasi ya mtu. Walitembea kwenye mstari wa magogo wakitazama vichwa tu. Kichwa chekundu, kinachotoka utomvu kama damu, wananunua. Kichwa kilichokauka wanakiruka kama hakipo. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya mnunuzi kila mtu alikuwa anakata upya vichwa vya magogo yake, na kijiji kizima kilinguruma. Mimi nilikuwa naziba masikio nacheka.

Mjomba alijenga nyumba ya bati, akanunua televisheni na pikipiki. Huku kwetu baba alikuwa bado anakwenda ofisini na baiskeli kufuata kibali, anaambiwa njoo Alhamisi, Alhamisi anaambiwa mkubwa hayupo. Tuliporudi ile likizo nilimuuliza mama kwa nini baba hafanyi kama mjomba.

"Baba yako anajua kungoja," mama alinijibu, na mpaka leo sijajua kama alikuwa anamsifu au anamlaumu.

Halafu serikali ya kule ikapiga marufuku. Magogo yakalala. Baadaye ikafungua, watu wakakimbilia msituni tena, mjomba mbele. Ikafunga tena. Mara ya mwisho tulipokwenda nilikuwa kidato cha tatu, magogo yake yalikuwa kando ya barabara, nyasi zimeyafunika mpaka juu, na kwenye nyumba ya bati ile sehemu ya televisheni palikuwa na ndoo za maji. Huku kwetu gogo zima haliruhusiwi kutoka nje ya nchi, lazima lipasuliwe mbao kwanza, kwa hiyo hao wageni wa vichwa vyekundu hawakuja kwa wingi ule. Hatukupanda kama wao na hatukuanguka kama wao. Baba alikuwa bado anaambiwa njoo Alhamisi. Mimi mambo ya kungoja yananichosha, nasema ukweli, lakini nilianza kuona kwamba nyumba yetu haikuwa na nyasi mlangoni.

Mwaka huu mjomba akaja kwetu na begi moja na msumeno wake. Baba alimpokea vizuri mno, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, nikifikiria sasa. Kijana yeyote wa kazi angeambiwa siku ya kwanza: kichwa chenye alama hakiguswi. Lakini kaka wa mke, tena mkubwa, tena aliyekuwa na magogo mengi kuliko yako enzi zile, humkalishi chini ukamfundisha magogo. Unampa kiti, unamwachia aongee. Baba alimwachia aongee tangu alipofika, na habari ya nyundo haikupata nafasi. Mjomba naye alitaka kulipa fadhila. Alijua mnunuzi anakuja, akafanya kile alichojua kinafanywa mnunuzi akija.

Baba alishuka kwenye basi la Mpui giza linaingia. Nilimwona anasimama getini, anatazama vichwa vya magogo, na mfuko wa viazi mkononi. Nikangoja aseme kitu. Nilitaka aseme kitu.

"Pole na kazi, shemeji," alisema.

"Asante, ba shemeji," mjomba akajibu kwa sauti ndogo, maana mama alikuwa ameshamweleza. Baba akaingia ndani, akakaa kitandani na koti lake mwilini. Kisha akatuambia kwamba kesho mapema, kabla ya misa, tuzunguke kwa majirani tutafute vipande vyenye alama. Kipande kikipatikana kinaweza kurudishwa kwenye gogo lake kikaonekana ni kimoja. Kisipopatikana, basi.

Ufipa hapa juu hakuna miti ya kuchezea. Unaweza kutembea kutwa nzima unaona mahindi na majani tu, na kuni watu wanazitoa mbali. Mtu akikupa kipande cha mninga mkavu cha unene wa kiganja, hukiweki ukutani kukitazama. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilikuwa nahesabu majiko ya mtaa mzima kichwani.

Jumapili tukagawana njia. Mama alianzia kwa katekista, akakuta mke wake anakatia nyama juu ya kipande na alama iko chini, salama. Mimi nikakuta watoto wanabingirisha kingine barabarani kama gurudumu, nikawanunulia andazi wakaniachia. Nyumba moja walikuwa wameshakipasua kwa shoka, tukainama mimi na yule mwenye nyumba tukipekua kuni, mpaka tukapata robo yenye herufi. Nikaikumbatia, ikanichafua sweta.

Mama mmoja anayepika pombe ya ulezi alikuwa amekalia cha kwake, anapepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunywa au umepotea njia ya kanisani?"

Nikamweleza haraka haraka, maneno yakipandana. Hakunyanyuka.

"Hiki nimepewa na mwanaume mwenye mkono wazi," alisema. "Nyie wa nyumba ile mmewahi kunipa hata kijiti?"

"Mama, baba atapelekwa mahakamani."

"Kwa kigoda?"

"Kwa hicho hicho."

Akanitazama aone kama natania. Kisha akainuka, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye herufi. "Na mimi nilidhani ni jina la fundi," alisema, akanipa. Nilipofika mlangoni akaniita. "Mwambie mjomba wako akija kunywa aje na kiti chake. Mimi sina vya kukalia wageni tena."

Nilicheka, halafu nikaona aibu kucheka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mjane anayekaa peke yake karibu na kisima. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akanishika mkono akaniingiza jikoni kwenye joto. Aliniomba nimshukuru sana mjomba, kwa sababu kile kipande kilishika moto mpaka asubuhi na mgongo wake haukumsumbua. Jivu lilikuwa jeupe na safi. Nikasema nitamshukuru.

Nyumbani tulivipanga vipande uani, kila kimoja mbele ya gogo tulilodhani ni lake. Vyote vilipatikana isipokuwa kile kilichoishia kwa bibi, na kwa bahati mbaya kilikuwa cha gogo kubwa kuliko yote. Kijana wa jirani anayechomelea mageti alikuja kuangalia. Akainama kwenye alama moja, akapiga mluzi.

"Nyundo si chuma tu?" alimwambia mama. "Niachie hiki kipande mpaka jioni, nakutengenezea kama yao. Unagonga lile lililobaki, mambo yamekwisha."

"Nikishagonga?"

"Unakuwa umegonga."

"Rudi kwenye mageti yako, mwanangu," mama alisema.

Mimi moyo wangu ulikuwa umeshamfuata yule kijana mpaka kwenye karakana yake. Ilikuwa rahisi hivyo, na ingekwisha jioni ile ile. Nilimwangalia baba. Alikuwa anafagia unga wa mbao, akasema bila kuinua kichwa kwamba kesho anakwenda mwenyewe kwa bwana misitu kumweleza.

"Baba, unajipeleka?"

"Bora asikie kwangu kabla hajaona."

Nikaingia ndani nikajifunika blanketi mchana kweupe. Niliona anakwenda tena kungojea Alhamisi, na safari hii Alhamisi yenyewe ikiwa mahakamani.

Bwana misitu alikuja na baba Jumatatu mchana kwa pikipiki. Ni kijana, labda amenizidi miaka michache, na alikuwa na kikohozi. Mama alikuwa amemwambia mjomba abaki jikoni asitoke, maana hana kibali cha kufanya kazi huku na sio siku ya kuulizana mambo hayo. Bwana misitu hakukaribia kiti tulichomwekea. Alitwambia tuinue vipande kimoja kimoja, tuvibandike kwenye gogo, tuzungushe. Mimi na mama tulishika, yeye akichunguza. Kipande kikifika mahali pake unaona kabisa, ufa unaotoka kwenye kipande unaendelea kwenye gogo, na duara za mti zinaungana. Kisipofika anatikisa kichwa, tunazungusha tena.

Katikati ya kazi akasimama.

"Nani alikata?"

"Watu wa nyumba yangu," baba alisema.

"Mtu gani?"

"Nyumba ni yangu. Andika mimi."

Mlango wa jikoni ukalia. Mjomba akatoka, amevaa shati safi, mikono ameifungia mbele kama yuko kanisani. "Ni mimi, bwana. Kwetu mnunuzi akija tunakata."

"Kwenu wapi?"

Baba alifumba macho. Mama ndiye aliyejibu, na kipande cha mninga bado kifuani kwake. "Ni kaka yangu. Kwao ni hapa."

Bwana misitu aliwatazama wote watatu, akakohoa muda mrefu. "Mimi sijaja na mambo ya uraia," alisema. "Nimeuliza msumeno. Huo msumeno usiwashwe tena kwenye ua huu bila mwenye leseni."

Akaendelea. Yaliyopatana aliyagonga nyundo upya, kwenye vile vichwa vyekundu vya mjomba, na mlio wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Lilipofika lile kubwa, akatuuliza kipande kiko wapi. Mama akamwambia kimeliwa na moto wa jikoni. Akasema kisiki cha lile gogo nacho kiligongwa, basi baba aende msituni akapige picha alama ionekane, na gogo litakuwa lake. Isipoonekana, gogo ni la serikali. Leseni akaiweka kwenye begi lake hadi hapo.

Kwa hiyo Jumanne lori la Mbeya lilipakia yale mengine na kuondoka, na badala ya kufurahi tulikaa tunalitazama lile moja. Jumatano baba na mjomba wakaondoka na pikipiki ya kukodi kwenda msituni, upande ule uwanda wetu wa juu unapoporomoka kuelekea ziwani. Kule mtandao haukamatiki. Nilipiga na kupiga kwa simu ya mama, yule dada wa kwenye simu akinijibu yale yale. Mama aliosha sufuria ambazo hazikuwa chafu. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiria wamepata ajali, au wamepotea, au wamekipata kisiki wanarudi wanacheka, lakini hatukuambiana. Nilikuwa nayapima maisha ya baba na ya mjomba, nchi hii na ile, nikajiuliza ilikuwa na maana gani kungoja miaka yote ile kama mwisho wake unategemea kidonda cha nyundo kwenye kisiki porini.

Walirudi jioni, suruali nyeusi kwa masizi mpaka magotini. Niliwaangalia miguu nikajua. Moto wa porini ulikuwa umepita. Kisiki walikipata, mjomba ndiye aliyekiona kwanza, lakini juu kilikuwa mkaa mtupu. Baba alikipiga picha hivyo hivyo, kutoka juu na kutoka pembeni.

Kesho yake nilikwenda naye ofisini kwa sababu simu aliyopigia picha ilikuwa yangu. Bwana misitu aliikuza picha kwa vidole, akaisogeza huku na huku, akatoka nayo nje kwenye mwanga. Nilikuwa naomba kimoyomoyo aone kitu, hata mstari.

"Mzee, hapa mimi sioni kitu," alisema.

"Na mimi sikuona," baba akajibu.

Nilitamani kumkanyaga mguu. Bwana misitu alimtazama kidogo, kisha akafungua droo. Leseni akairudisha, na karatasi ya onyo juu yake. Alisema ikitokea tena hatakuwa na namna ya kumsaidia, na hiyo "ikitokea" nimeifikiria kila siku tangu siku ile. Mjomba bado tunaishi naye, upepo bado unapasua vichwa, wanunuzi bado wanataka gogo zuri.

Ijumaa watu wa misitu wakaja kulichukua lile kubwa. Lori lilikuja na watu wachache, gogo zito, baba akakunja mikono ya shati akaenda kusaidia. Lilikataa. Likateleza kwenye magongo ya kulipandishia, likarudi chini, mtu mmoja akaruka. Mjomba alikuwa amesimama mbali karibu na ukuta, amejiondoa kabisa.

"Shemeji," baba aliita. "Njoo ushike huku. Sio hapo. Chini zaidi, weka bega."

Sijawahi kumsikia baba anamwamrisha mjomba. Mama alitoka jikoni kuangalia ni nani anaongea hivyo. Mjomba alikuja kama anakimbia, akaweka bega pale alipoambiwa, na kwa pamoja wakalisukuma mpaka likakaa vizuri kwenye magongo.

Kabla halijapandishwa, bwana misitu akalisogelea na nyundo nyingine, ile ya kugongea mali iliyochukuliwa na serikali. Akagonga mara moja. Mjomba akainama mpaka pua ikakaribia kichwa cha gogo, akagusa herufi kwa kidole, akauliza zinasema nini. Dereva alikuwa ameshawasha lori. Baba akapiga goti kando yake, akaanza kumweleza, herufi moja baada ya nyingine, na kumwonyesha ni wapi hapaguswi.